Mwezi Sipati Kitu: Siku Sita Mialoni, Kirumba Hadi Ukara

Jumatano, 3 Septemba 2025. Nyegezi na Mwaloni Kirumba

Nimetoka nyumbani Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi na madodoso kumi na moja kwenye mkoba. Yote yana jibu moja katika swali la 14. Swali linasema: "Kwa mwezi unapata kiasi gani kutokana na kazi yako?" Jibu limeandikwa 0.

Ni kazi ya wanafunzi wangu wa sosholojia, mwaka wa pili. Mwezi wa sita niliwapeleka mialoni, kwenye fukwe za ziwa wanakoshushia na kuuzia samaki, wakajifunze kuuliza watu, jambo ambalo huwezi kulifundisha darasani ukalimaliza. Walirudi wamebabuka na jua, makaratasi yamejaa mchanga. Nilipokaa kuyasoma ndipo nikakutana na sifuri hizo. Mama ana watoto wawili sekondari, ameezeka bati, ana kiwanja Kisesa, halafu kwa mwezi anapata sifuri. Mwenzangu mmoja idarani alinishauri niyaweke kando, niseme tu yameharibika. Sikukubali. Karatasi iliyoharibika naijua: mwanafunzi amekaa chini ya mwembe akajaza mwenyewe, na uongo wake unanuka kutoka mbali. Hizi zilitoka sehemu tatu, kwa wanafunzi wawili, na wote waliojibu ni wanawake wa dagaa. Sifuri kumi na moja zilizokubaliana bila kuonana zina jambo.

Basi nimeomba ruhusa ya siku nne, nikaunganisha na Jumamosi na Jumapili, niyarudishe kwa wenyewe. Huo ndio utaratibu wangu tangu nilipoanza kufundisha: mtu aliyekupa jibu asomewe jibu lake kabla hujalipeleka popote. Nauli natoa mfukoni. Hakuna mradi nyuma ya safari hii, na leo nimelazimika kulisema hilo mara nyingi, kwa sababu ni msimu wa kampeni na kila mwenye karatasi mkononi anadhaniwa anatafuta kura.

Mwaloni Kirumba ni soko lisilopumzika, ila leo limepoa. Magunia yapo, makuli wapo, malori ya mzigo wa Kongo yapo, lakini dagaa wanaoingia ni wachache. Sababu iko angani: Jumapili mwezi utakuwa mpevu. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanaweka taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unawazoa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote linakuwa taa moja, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inapandishwa mchangani. Hayo nayajua tangu utoto. Ndiyo maana nimechagua wiki hii. Anayetaka kuzungumza na wanawake wa mwaloni bila kuwakatia riziki aende wakati wa mbalamwezi.

Wawili kati ya wale kumi na mmoja wako hapa. Wa kwanza nilimkuta amekaa juu ya gunia anachambua dagaa, anatoa vipande vya furu na changarawe kwa kucha. Nikamsomea. Akaacha kuchambua.

"Sifuri? Mwalimu, nikipata sifuri watoto wanakula nini?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Basi huyo kijana wako hakunisikia."

Alikasirika, na ana haki. Watu huvumilia sana kuulizwa. Kinachowachoma ni kuona walivyoandikwa. Akamwita mwenzake, wakasaidiana kuikumbuka siku ile. Walichosema hawakukikumbuka. Walikumbuka kwamba kijana alikuwa na haraka na kwamba simu yake ililia mara mbili katikati ya mazungumzo. Nimerudi Nyegezi jioni bila jibu.

Alhamisi, 4 Septemba. Igombe

Leo nimekwenda na binti mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Njombe, ambaye ziwa aliliona kwa mara ya kwanza alipokuja chuo. Ndiye aliyeandika sifuri tano za Igombe na nyingine nne za Ukara. Wiki iliyopita nilipomwita ofisini alikuja na daftari lake la uwandani amelikumbatia, macho yamejaa machozi. Nikamwambia hakuna anayemshtaki, ajiandae tu kwa safari.

Igombe wakati wa mbalamwezi ni mahali palipoweka vyombo chini. Mitumbwi imelala kwa ubavu na mafundi wanaziba nyufa kwa pamba. Vijana wanashona nyavu, wengine wamezunguka drafti. Wanawake wanarekebisha chanja zao. Chanja ni kama meza ndefu ya miti, juu imetandikwa wavu, ili dagaa wakauke bila kugusa mchanga. Dagaa wa chanja ana bei yake. Wa mchangani anauzwa kwa kubembeleza, na akinyeshewa anaishia kuwa chakula cha kuku.

Tulimkuta mama mmoja mtu mzima anashona wavu wa chanja yake kwa uzi wa bluu. Baada ya salamu na habari za nyumbani nikamwomba binti amuulize swali lile lile, neno kwa neno, mimi nisikilize tu.

"Mama, kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Mama hakuinua kichwa. "Mwezi sipati kitu, mwanangu."

Binti akanitazama. Ndivyo alivyosikia mwezi wa sita, na ndivyo alivyoandika. Mama aliona kimya chetu, akanyoosha sindano yake kuelekea upande wa Magu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na mwezi umeshachomoza, mweupe kama ganda la yai.

"Si huo hapo? Ukiwepo huo, nitapata nini?"

Nilihisi joto likinipanda mpaka masikioni. Nimefundisha mbinu za utafiti zaidi ya miaka ishirini. Nimezaliwa Usukumani, na Kiswahili nimekisema tangu nikiwa mtoto. Nilijua kwamba mbalamwezi hawavui. Na bado nilikaa ofisini nikaandika "kwa mwezi" huku macho yangu yakiwa kwenye kalenda ya ukutani, nikaipeleka kwa watu ambao mwezi wao uko angani. Walijibu sawasawa kabisa. Kosa lilikuwa langu, wala si la binti, wala si la yule kijana wa Kirumba mwenye simu.

"Na gizani?" nikauliza.

"Ahaa, giza!" Akaweka sindano chini, akakaa vizuri.

Saa nzima haikumtosha. Giza lililopita alikausha ndoo arobaini na mbili. La kabla yake upepo ulichafuka, akapata ishirini tu, na tano kati ya hizo zilioza kwa sababu mawingu yalitanda siku mbili mfululizo. Kuna giza alilonunulia bati. Kuna giza la karibu na Pasaka ambalo hataki hata kulitaja. Kila giza analikumbuka kwa alichokausha, aliyemuuzia na alichokifanya kwa pesa hiyo. Hana daftari. Binti aliandika mpaka wino ukaisha, nikampa kalamu yangu.

Nilidhani mambo yameishia hapo: sifuri ni kosa la lugha, tunalifuta, tunaandika ndoo arobaini na mbili. Lakini mama akaendelea, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya nisilale.

Wakati wa mwezi kweli hapati kitu. Anakula kwa mkopo. Unga, sukari, sabuni, panadol ya mjukuu, vyote vinaandikwa dukani, naye analipa giza likirudi. Hiyo ni desturi ya mwaloni na muuza duka anaielewa, kwa sababu yeye pia anaishi kwa giza lile lile. Shida ilianza walipokuja watu wa mikopo ya haraka, ile ambayo kila mtu Mwanza anaiita kausha damu. Hao wanataka rejesho kila wiki, Jumanne kwa Jumanne.

"Wiki za giza nalipa nikicheka," alisema. "Ukifika mwezi, Jumanne yao haibadiliki. Mwaka juzi walichukua godoro. Godoro, Mwalimu, mgonjwa amelala juu yake." Akashika kipande cha chanja, akakitikisa kuona kama kimeshika. "Sisi tunakausha dagaa. Wao wanatukausha sisi."

Sifuri ile ilikuwa kweli, basi. Ingefutwa ingefuta na godoro.

Nimelala kwa rafiki yangu hapa Igombe. Usiku nimemkumbuka bibi yangu mzaa baba. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika kwetu nilikuwa na miaka kumi. Watu walitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika, wakapangwa pamoja kwenye vijiji. Karani aliketi chini ya mkuyu na daftari akiita wakuu wa kaya. Baba alikuwa ameshafariki. Pamba ya nyumbani kwetu alikuwa akilima bibi, akiivuna bibi, na kuipeleka kuuza bibi. Karani akamwandika baba yangu mdogo, ambaye alikuwa ameshaondoka siku nyingi kutafuta kazi mgodini. Jioni bibi alinishika mkono tukarudi pale mkuyuni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najua kusoma. "Soma," aliniambia, "mimi nimo?" Nilipitisha kidole kwenye ukurasa mzima. Hakuwamo.

Watu huniuliza ilikuwaje nikachagua sosholojia nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya themanini, wakati wenzangu walikimbilia sheria. Huwa nawapa jibu refu la kisomi. Jibu la kweli ni kidole changu kwenye ukurasa ule.

Ijumaa, 5 Septemba. Igombe

Kazi yangu ya kujitolea mialoni ni ndogo: naandika. Wanawake ishirini na wawili wa hapa wana kikoba, na sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Wanataka kikundi kisajiliwe ili waweze kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ili usajiliwe lazima uwe na katiba. Nimekuwa nikija kuwasaidia kuiandika tangu mwezi wa tano.

Rasimu niliyokuwa nayo, niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wangu, ilikuwa na kifungu hiki: "Rejesho litalipwa kila mwisho wa mwezi."

Nilipokisoma kwa sauti nikasimama katikati. Wao wakanisubiri. Kwa mtu wa ofisini mwisho wa mwezi ni siku ya mshahara. Kwa mwanamke wa dagaa, mwezi unapoisha ndipo amekamuliwa kabisa, amekula mkopo nusu mwezi na mtumbwi wa kwanza bado haujaingia majini. Nilikuwa nimewaandikia sheria ya kulipa siku ambayo hawana hata senti. Nikawauliza mbona walikuwa wamekikubali kifungu hicho mara tatu. Mweka hazina akajibu kwa upole kwamba walidhani ndivyo serikali inavyotaka.

Tumebishana juu ya mstari huo mmoja kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Sasa unasomeka: "Rejesho litalipwa kila mwisho wa giza." Mama mmoja, muuza vitumbua, aliupinga mpaka mwisho. Biashara yake ni ya kila siku, giza na mwezi kwake ni sawa, na akikaa na pesa ya watu wiki tatu ataila. Alisema kweli. Wamemruhusu alipe kila wiki, na wawili wengine wakainua mkono kujiunga naye. Kuhusu mkopo wa halmashauri, ambao kwa vyovyote utafuata kalenda ya ukutani, wameamua kila mmoja atenge fungu lake gizani, likae kwenye kopo ndani ya sanduku. Kama litatosha, tutaona. Niliwaambia wazi kwamba nina wasiwasi.

Jumamosi, 6 Septemba. Mwanza hadi Nansio

Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Mwamba wa Bismarck ukabaki nyuma, kisha vilima vya mawe vya mji, kisha maji matupu. Safari ni ya saa tatu na kitu, na binti alikaa ameshika nguzo muda wote, maji yakimtisha. Nilikaa naye.

Aliniuliza nilianza lini kujitolea. Nikamwambia: 1996. Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba na Kemondo, imekaribia Mwanza. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, sina mtoto, nina miguu mizima, nikajitokeza kusaidia kuandika majina ya watu waliokuja kutafuta ndugu zao. Meli ilikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo mtu alikuja akasema mke wangu alipanda, nasi tukageuza makaratasi, na mke wake hakuwa mahali popote, si kati ya wazima, si kati ya waliopanda. Baba mmoja aliniuliza kama bila karatasi mkewe atahesabiwa kuwa amekufa. Nilikuwa na shahada mbili na sikuwa na la kumjibu. Nikaandika jina la mkewe kwenye ukurasa mpya, kubwa, nikamwonyesha. Alilitazama muda mrefu.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika watu.

Baadaye, upepo ulipotulia, nilimsimulia habari za W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 1896 alihamia na mkewe katika Kata ya Saba ya Philadelphia, akapita nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe akiwauliza watu weusi maisha yao. Chuo kilichomwajiri kilimpa cheo kidogo na hakikumpa darasa la kufundisha. Aliingia maelfu ya nyumba kwa miguu yake. Hicho ndicho ninachotaka binti huyu akibebe: kwamba mzee yule angeweza kutuma watu, na alikwenda mwenyewe. Akaniuliza kama Du Bois naye alirudi kuwasomea. Swali zuri. Tulikuwa tumeshafika Nansio.

Jumapili, 7 Septemba. Bugolora na Ukara

Kutoka Nansio mpaka Bugolora, kisha kivuko. Watu wa hapa hawazungumzi sana kwenye maji haya. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya. Walikufa watu 228, wakapona 41. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Watu walisimama ufukweni wakiwaona ndugu zao wakija na magunia ya unga na nguo za gulio, kisha wakawaona wakizama. Tulipofika Bwisya tulipita kwanza makaburini. Binti alisoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, bila mimi kumwambia.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi kupita kiasi, na tangu enzi za ukoloni wataalamu wamekuwa wakija kushangaa kinavyojilisha. Ng'ombe hufungwa, hulishwa majani yaliyokatwa, na samadi yao hubebwa kichwani mpaka shambani. Uwele, mihogo, mpunga kwenye mabonde. Hakuna kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe, na mara nyingi hata mti una mwenyewe. Mengi yameandikwa juu ya Ukara. Mwenyeji wetu, bibi wa miaka sabini na kitu anayekausha dagaa na mabinti zake wawili, hajawahi kuona hata karatasi moja kati ya hizo.

Jioni tulikaa nje. Mwezi ulichomoza mpevu, mkubwa, ufukwe wote ukawa mweupe. Ilipofika saa moja na nusu hivi binti akasema mwezi umemegwa. Kweli, ukingo mmoja ulikuwa umeingia weusi. Weusi ukapanda taratibu. Saa mbili na nusu mwezi wote ulikuwa mwekundu kama udongo wa tanuri, nyota zikatokea ambazo dakika chache kabla hazikuwepo, na ziwa likazimika.

Nilijua kwamba leo kuna kupatwa kwa mwezi, nilisoma mapema wiki hii. Sikujua ningeutazama nikiwa hapa. Watu walitoka majumbani. Kulikuwa na minong'ono, watoto wakashika nguo za mama zao. Kisha kutoka kwenye mitumbwi kijana mmoja akapaza sauti: "Giza hilo! Shusheni taa!" Ufukwe mzima ukacheka. Wawili watatu walikimbilia mtumbwi wao kwa mchezo, wakausukuma mpaka maji ya magotini, wakawasha taa moja, wakaushikilia pale.

Bibi hakusimama. Alikuwa anamenya mihogo, na aliendelea kumenya kwa mwanga wa moto. Nilimuuliza kama alishawahi kuona. Akasema ameona mara nyingi, na kwamba haukai. "Saa moja, saa moja na nusu. Huwezi kuvua kwa giza la namna hiyo."

Karibu na saa nne upande mmoja ukaanza kung'aa tena. Vijana wakazima taa yao, wakaurudisha mtumbwi mchangani.

Jumatatu, 8 Septemba. Ukara

Wanne wa Ukara tumewasomea wote asubuhi. Swali la 14 tumelikata. Mahali pake sasa kuna mawili: giza lililopita ulikausha ndoo ngapi, na mwezi huu unakula kwa nani. Hilo la pili alilitunga binti. Mimi nisingelipata.

Watatu walimalizika upesi. Wa mwisho alikuwa bibi mwenyeji wetu. Alitaka asomewe dodoso lote tangu mwanzo, pamoja na maswali yasiyo na shida, naye akasikiliza amefumba macho. Tulipofika mahali paliposema kaya ina watu watano, akafumbua.

"Saba."

Binti akaangalia karatasi. "Mwezi wa sita ulisema watano, bibi."

"Mwezi wa sita ulikuja giza. Giza tunakuwa watano. Wajukuu zangu wawili wanavua Kome, kambini. Mwezi wanarudi, wanakula hapa, wanalala hapa. Hawa hapa." Akawaonyesha kwa kidevu. Walikuwa wamelala chini ya mwembe, miguu nje ya mkeka. Mmoja wao ndiye aliyepiga kelele za taa jana usiku.

Nikakumbuka Sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, usiku ambao Tanzania nzima ilihesabiwa na kupatikana watu 61,741,120, mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu. Lilikuwa giza. Kila mtu aliandikwa alikolala, na wajukuu hawa hawakulala hapa. Nikamuuliza bibi. Akasema ndiyo, walikuja, waliandika watano, walikuwa vijana wenye adabu.

"Kwa hiyo tuandike ngapi?" binti akaniuliza mimi. Dodoso lina kisanduku kimoja, cha tarakimu mbili.

Nikamwambia amuulize mwenye kaya.

Bibi alifikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia, vidole vikihesabu kwenye goti. "Andika mwezi saba, giza watano. Na uandike majina, usiandike namba tu. Namba nilishawapa watu wengi."

Binti akachora mstari pembeni ya kisanduku, akaandika majina saba, na mbele ya mawili akaandika "mwezi". Kwenye mstari wa mkuu wa kaya, ambapo mwezi wa sita palijazwa jina la mkwe aliyeko Musoma, alikata bila kuuliza mtu, akaandika jina la bibi. Kisha akasoma yote kwa sauti.

Kivuko kilishapiga honi Bwisya na bodaboda wetu alikuwa amewasha pikipiki.

"Soma tena," bibi akasema. "Anzia hapo juu, kwangu."